Shikamoo Haiozi

Matroni wetu alikufa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alikufa uwanjani mbele ya mapokezi, alikufa kwenye korido ya wodi ya wazazi, na safari moja alikufa juu ya bustani ya mchicha ya wapishi, wakamnunia wiki nzima. Kila alipokufa alikuwa amefungwa kitambaa cheusi mkononi, miguu ameinyoosha kwa adabu, na mdomo haufungi. "Wewe, glavu zako ziko wapi? Machela hiyo mnaibeba au mnaiburuta? Na nyie mnanizunguka mimi ya nini, mimi si nimeshakufa?"

Hospitali yetu ni ya misheni, iko mlimani upande wa Hai, mahali ambapo migomba na kahawa vimeibana mpaka madirishani. Chini kuna Moshi mjini na mashamba ya miwa. Juu kuna msitu, na juu ya msitu kuna mlima wenyewe, ambao sisi wa huku tunaukumbuka wageni wanapouliza. Mbali na kusimamia wauguzi, Matroni alijipa kazi ya kutuandaa kwa siku ya maafa: mafuriko, maporomoko ya udongo, moto, basi kupinduka. Alikwenda semina mjini, akarudi na mfuko wa vitambaa vya rangi, na tangu siku hiyo hatukupumua.

Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Majeruhi wakija wengi kwa mpigo, nesi mmoja anasimama kwenye mstari, anamwangalia kila mtu kwa haraka na kumfunga kitambaa mkononi. Nyekundu ni wa kutibiwa sasa hivi. Njano anaweza kusubiri kidogo. Kijani anatembea mwenyewe, akae kwenye benchi anywe maji. Nyeusi amekwisha. Majeruhi wetu wa mazoezi walikuwa wanakwaya, wazee wa kanisa na akina mama wa jirani, na damu yao ilikuwa juisi ya rozela. Wale wa sauti ya kwanza walikuwa wanailamba. Zoezi halijafika katikati, majeruhi wote wamekauka damu na wanaomba waongezwe.

Kitambaa cheusi ndicho kilichotushinda. Huku kwetu huwezi kumwambia mtu mzima mwenye akili zake alale chini ajifanye maiti, halafu jioni arudi nyumbani akale. Mama mmoja wa kwaya aliposhikishwa kile kitambaa alikitupa kwenye majani, akaanzisha pambio la kuondoa mkosi, na majeruhi wenzake wakamwitikia wakiwa wamelala. Matroni hakubishana naye. Alikiokota, akakikung'uta, akajifunga mwenyewe na kujilaza chini. "Mimi nimeshazeeka," alisema. "Kifo kikija kitanikuta nimeshazoea."

Ndiyo maana nyuma ya mgongo wake tulimwita Marehemu. Jina lilitukaa mdomoni mpaka likatuponza. Asubuhi moja nesi mwenzangu aliingia wodi ya wanaume akasema kwa sauti, "Tandikeni vitanda haraka, Marehemu yuko njiani." Kulikuwa na baba mmoja aliyelazwa jana yake kwa nimonia. Alikaa kitandani, akatafuta viatu vyake, akaomba aruhusiwe kwenda nyumbani kwa kuwa amepona. Matroni alipoingia na kusikia kisa, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamuuliza yule baba habari za nyumbani kwake, moja baada ya nyingine, mpaka mgonjwa akasahau alitaka kukimbia.

Hapo ndipo penye utata wake. Hakuna mtu aliyependa kusalimia kama yeye. Kutoka getini mpaka ofisini kwake ni mwendo mfupi tu, lakini kwa Matroni ilikuwa safari. Alimsalimia mlinzi, mke wa mlinzi, muuza ndizi, mgonjwa anayesubiri na aliyemsindikiza. Akishaitikia shikamoo yako anaulizia mama, anaulizia baba, anaulizia kahawa imeuzwaje, anaulizia ng'ombe. Ng'ombe wa mama yangu alimjua kwa jina. Ukimpita kwa "habari za asubuhi" ya haraka haraka, atakuita urudi. "Mwanangu, nyumba inaungua? Haya, kama haiungui, rudi unisalimie vizuri."

Na aliyetuandaa kwa kila balaa, kwake hakuwa na kiberiti. Umeme ukikatika, utamwona anakuja kwa jirani na kanga kichwani kuomba mshumaa. Hakuwahi kuwa na mwavuli. Mvua za masika, ambazo huku kila mtoto anajua zinakuja lini, yeye zilimkuta njiani kila mwaka, akafika kazini anatiririka kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Tulipomtania alituambia, "Mganga hajigangi. Sijatungiwa mimi huo?" Akaendelea kujikamua sketi.

Daktari mfawidhi wetu alikuwa kijana wa Dar, mtu mwema na fundi wa upasuaji, lakini mazoezi hayo aliyaita muvi. "Matroni, leo tunashuti sehemu ya ngapi?" atauliza, na Matroni atamjibu, "Sehemu ambayo daktari anavaa glavu, baba." Daktari alicheka na akavaa. Hata hivyo siku ya mzee wa kanisa ndiyo iliyomfanya akubali kwamba mambo yale yana faida, angalau ya kuchekesha.

Mzee huyo tulimwita Meku, kama wazee wanavyoitwa huku. Alikuwa amesimamia ujenzi wa kanisa, alikuja kwenye zoezi na suti mpya, na nesi wa mstarini akamfunga kijani. Meku akakitazama kile kitambaa kama mtu aliyewekewa mifupa kwenye sahani.

"Kijani ndiyo nini?"

"Ni majeruhi mdogo, Meku. Unaweza kusubiri."

"Mimi nisubiri? Mimi na watoto wa kwaya tukae benchi moja?"

Nesi alipogeuka, Meku akabadilishana na kijana mmoja wa sauti ya nne aliyekuwa na nyekundu. Kijana, aliyetakiwa awe amepasuka kichwa, akasimama akaenda zake kunywa chai. Meku akabebwa kwa machela mbio mbio, akiwapungia watu mkono. Asichokijua ni kwamba mwenye nyekundu havuliwi nguo, anakatwa nguo. Tulisikia sauti yake mpaka jikoni: "Mimi ni kijani! Mniache! Mimi ni kijani tangu asubuhi!" Suruali ilikuwa imeshaingia mkasi mpaka gotini. Marehemu, pale chini alipokuwa amelala na kitambaa chake cheusi, alilia kwa kicheko.

Baada ya kicheko alitukusanya, na hapo hakucheka tena. Alisema suruali ya Meku si kitu, kilichomtisha ni kingine. Alikuwa amelala pale chini akitusikiliza, na alichosikia ni salamu. Nesi anafika kwa mzee wa kwanza: "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Wewe wa kwa nani?" "Wa kwa fulani, kule juu ya mfereji." "Ahaa! Babu yako tulibatizwa pamoja, alikuwa na mbio huyo!" Huku nyuma yule aliyepangiwa kutokwa damu ameshakufa, ameshafufuka na yuko kwenye foleni ya maandazi.

Akapiga marufuku. Kwenye mstari hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani, hakuna wa kwa nani. Unashika mshipa, unatazama pumzi, unafunga kitambaa, unapita.

Wazee walikasirika kweli. Walisema hospitali inawafundisha watoto wao kiburi, na kwamba kama mtu atakufa, basi afe amesalimiwa. Wakaitisha kikao nyumbani kwa Meku. Matroni akaenda na jani la isale. Mgeni wa huku naomba nimweleze kwamba isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na mtu akikujia na jani lake kuomba msamaha, huna ruhusa ya kumkatalia, hata kama amekuchomea nyumba. Nilimsindikiza, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Wazee wangu, nimekuja kuomba msamaha," alisema, amepiga goti.

"Umefanya vizuri," alisema Meku, akalipokea jani. "Tumekusamehe. Kwa hiyo watoto watatusalimia?"

"Hapana, baba. Nimeomba msamaha wa kosa ambalo sijamaliza kulifanya."

Meku alilitazama lile jani mkononi, akawatazama wenzake, na wenzake wakatazama pombe ya mbege kwenye vibuyu. Jani limeshapokelewa. Mwishowe akauliza kinyonge, "Sasa salamu zetu zinakwenda wapi?"

"Zinawekwa akiba. Mkishalazwa, mkishatulia, kila mtoto atakuja kitandani akusalimie mpaka uchoke. Shikamoo haiozi, baba. Jeraha ndilo linaoza."

Basi msemo huo ukawa wetu. Na masale hayo hayo aliyapanda mstari mzima mbele ya mapokezi, kwa sababu utepe wa plastiki tuliokuwa tunaufunga kuzuia ndugu wa wagonjwa wasiingie, ndugu walikuwa wanauruka kama watoto wa shule. Mtu wa huku ataruka chochote, ila isale lililopandwa mpakani atasimama nyuma yake na kulalamika akiwa huko huko.

Lakini marufuku yake ilikuwa na shimo, na shimo lenyewe lilikuwa yeye. Kila zoezi alikuwa anatuambia kabla ya kulala chini: "Leo nataka mmoja wenu anipite." Hakutaka kingine. Tulikuwa hatuwezi. Unafika pale, unamwona mtu aliyekufundisha kushika sindano amelala kwenye nyasi, na magoti yanainama yenyewe. "Shikamoo, Matroni." Kilichotuchekesha zaidi ni kwamba naye alishindwa kunyamaza. "Marahaba!" anaitikia maiti, kisha anafumbua jicho moja kwa hasira. "Na tayari umeshaua mtu!" Mimi nilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa. Sikumpita hata mara moja.

Nilipomuuliza kwa nini jambo hilo linamkaa rohoni hivyo, alinijibu tukiwa tunamenya ndizi za mtori nyumbani kwake, bila kuninyanyulia uso. Alipokuwa mwanafunzi, katika hospitali nyingine, gari lilipinduka. Waliletwa mke wa mtu mkubwa, amevunjika mkono, na kibarua wa mashamba ya miwa aliyetoka mkoa wa mbali, hana hata mtu mmoja wa kumsemea. Wote, madaktari kwa manesi, walimzunguka yule mama kwa pole na salamu. Kibarua alikaa kwenye benchi kimya, amejishika tumbo, kwa sababu alilelewa vizuri na hakutaka kusumbua watu wanaozungumza. Walipomkumbuka alikuwa bado amekaa, ila hakuwa hai. "Alikufa kwa adabu zetu," alisema Matroni. Kisha akaniuliza kama nyumbani tunaweka maziwa kwenye mtori au tunaupika mkavu, nikajua mazungumzo yamekwisha.

Alistaafu kabla hatujampita. Tulimfanyia sherehe ya kumuaga, tukampa mwavuli, na alipoondoka aliusahau mezani.

Sasa nieleze siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa kipaimara, mvua za vuli zimegoma kukatika, na karibu kila kihamba kina turubai. Kwenye sherehe moja juu ya korongo, mchana kweupe watu wakiwa wanapakua pilau, kilima cha nyuma kililegea na kushuka juu ya wageni. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya mstari. Ringi la lori tunalogonga kama kengele liligongwa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza kama ni la kweli.

Wa kwanza kufika kwa miguu alikuwa Meku, ametapakaa tope kutoka kwenye upara mpaka kwenye viatu, suti nyingine imekwenda. Kabla sijafungua mdomo alininyooshea mkono mwenyewe. "Kijani, mwanangu. Nifunge kijani." Akaenda kukaa kwenye benchi na watoto wa kwaya. Ningecheka kama ningekuwa na nafasi.

Halafu wakaja wanaume wanne wamebeba meza kuu, ile meza ya wageni rasmi, kitambaa cha satini kinaning'inia pembeni. Juu yake amelala Matroni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipopinda. Alikuwa amenyamaza. Tangu nimjue sijawahi kumwona amelala chini akanyamaza.

"Matroni huyu!" walipiga kelele wale wanaume. "Pisheni! Aanze huyu!"

Nyuma yao pikapu ilisimama. Ndani yake kulikuwa na kijana mwenye fulana ya watu wa muziki, mmoja wa wale wanaokuja kutoka Pasua, kule Moshi mjini, na maspika yao, wanafunga nyaya, wanapiga nyimbo na kuondoka bila mtu kuwajua majina. Hakuwa na ndugu. Dereva alimshusha na kukimbia kufuata wengine. Kijana alikuwa amejishika tumbo, hasemi kitu.

Nilimfikia Matroni kwanza. Pumzi ipo. Mshipa upo. Akili ipo, maana nilipomwambia afumbe kiganja, alifumba, na kiganja chake kikaushika mkono wangu kama anavyoushika mzee wa huku anapotaka kukuuliza habari za kwenu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ile "shi" ilikuwa kwenye meno. Alinitazama usoni, akanibana mkono mara moja, kisha akauachia mwenyewe.

Nikamfunga njano, nikapita.

"We binti huna adabu!" alinifokea mmoja wa wale wanaume. "Huyu amekulea!" Ni kweli alinilea, na nilikuwa nalia huku nafunga nyekundu kwenye mkono wa yule kijana. Mshipa wake ulikuwa mwembamba kama uzi na tumbo limekaza kama ubao. Daktari hakuuliza muvi wala sehemu ya ngapi. Alimwona, akavaa glavu, wakaingia naye chumba cha upasuaji.

Nyuma ya masale watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wanalia na kutuita majina mabaya, lakini hakuna aliyevuka. Mimi niliendelea, mkono kwa mkono, na kila nilipoinuka nilihofia kugeuka upande wa njano. Mifupa ya mtu mzima haina urafiki. Anayeweza kusubiri sasa, baadaye huenda asiweze, na alikuwa bado amenyamaza. Niliomba Mungu, niseme ukweli, kwa maneno ambayo si ya kanisani.

Ndipo nikasikia, kutoka kule, sauti imekauka lakini ni ile ile: "Wewe mwanafunzi! Glavu zako ziko wapi?"

Nikajua hafi. Nilicheka kwa sauti katikati ya watu wanaolia, na sijui walinionaje.

Kesho yake mchana, mvua imepumzika, nilikwenda wodini kwake. Mguu ulikuwa umefungwa na kuning'inizwa, kichwani ana kanga ya kuazima, mezani pana sahani ya ndizi za kiburu hajaigusa. Nilisimama pembeni ya kitanda, nikakunja magoti, na kabla sijatoa neno aliinua mkono kunizuia.

"Kwanza. Yule kijana wa maspika?"

"Amezinduka, Matroni. Walimtoa bandama. Daktari anasema angechelewa kidogo tu ingekuwa hadithi nyingine. Asubuhi ameomba chai."

"Ana mtu?"

"Mama yake amefika kutoka Pasua. Yuko naye."

Alifumba macho. Nikaona machozi yanapita pembeni yanaingia masikioni, na hakuyafuta. Nami sikumfuta. Huko nje Meku alikuwa anabishana na nesi kuhusu saa ya kuona wagonjwa, amesimama nyuma ya masale na mwavuli mkononi, ule ule aliousahau Matroni kwenye sherehe yake. Alikuwa ameutunza siku zote hizo bila kumwambia mtu.

Matroni akafumbua macho, akajivuta kidogo kwenye mto, akaiweka vizuri ile kanga ya watu.

"Haya," alisema. "Sasa nisalimie."

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Vuta kiti. Mama hajambo? Na yule ng'ombe wake, ameshazaa?"